Mlango, Kigango na Mwaka 1895: Uhakiki wa Fasili za Urithi katika Sheria za Afrika Mashariki

Ikisiri

Sheria za urithi huanza na fasili, na fasili ndizo zinazoamua kitu kipi kilindwe na kipi kiachwe. Makala haya yanazisoma fasili za sheria za Kenya na Tanzania kama matini, kwa kutumia mfano wa kigango, nguzo ya ukumbusho ya Wamijikenda, na kuzilinganisha na uzoefu wa Uganda. Hoja kuu ni kwamba sheria hizi hukitambua kitu cha urithi kwa umri wake, kwa hati yake au kwa tangazo la waziri, ilhali wenyewe hukitambua kigango kwa uhusiano na wajibu. Makala yanapendekeza fasili inayotokana na matumizi ya kitu, na yanabainisha nafasi ya wataalamu wa Kiswahili katika kuiunda.

Utangulizi

Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya Kenya ya mwaka 2006 inautaja mlango. Mlango au fremu ya mlango iliyochongwa kwa mtindo wa Kiafrika au wa Kimashariki kabla ya mwaka 1946 ni kitu kinacholindwa. Hauhitaji kuombewa ulinzi na mtu yeyote, wala kusubiri tangazo. Anayeusafirisha nje ya nchi bila kibali amevunja sheria. Kwa hiyo milango ya Lamu na Mombasa, ambayo imetamaniwa na wanunuzi wa ng'ambo kwa miongo mingi, ina ngao ndani ya matini ya sheria yenyewe.

Mwendo mfupi kutoka Mombasa, katika pwani hiyo hiyo, zipo mbao nyingine zilizochongwa na mafundi. Hivi ni vigango, nguzo za ukumbusho ambazo Wagiriama na baadhi ya ndugu zao Wamijikenda huwasimikia wazee waliofariki. Sheria haivitaji. Kigango kilichochongwa mwaka 1930 hakina umri wa kutosha kuitwa kitu cha kale, kwa kuwa kitu cha kale kinachohamishika, kwa fasili ya sheria hiyo, ni kile kilichotengenezwa au kuingizwa Kenya kabla ya mwaka 1895. Kinabaki na njia moja tu ya kuwa kitu kinacholindwa: waziri akitangaze katika Gazeti Rasmi la Serikali, chenyewe au aina yake. Pasipo tangazo hilo, mbele ya sheria hii kigango ni gogo lililochongwa.

Tofauti hii haiwezi kuelezwa kwa ubora wa uchongaji, wala kwa umbali, wala kwa ukubwa wa hatari. Vyote viwili ni mbao, vyote vinatoka pwani moja, na vyote vimeibwa na kuuzwa. Swali linalochunguzwa hapa ni hili: ni kitu gani katika lugha ya sheria kinachoufanya mlango uonekane na kigango kisionekane? Jibu lina athari za moja kwa moja kwa wanaoshauri kuhusu sera, kwa sababu katika suala la urithi kitu kisichoingia katika fasili hakiingii katika bajeti, katika orodha ya forodha wala katika mashtaka.

Kigango na wajibu wake

Kigango husimikwa kwa heshima ya marehemu aliyekuwa mwanachama wa gohu, chama cha wazee wenye hadhi miongoni mwa Wagiriama. Marehemu wa kawaida hukumbukwa kwa nguzo ndogo zaidi, na zote zinahusiana na koma, yaani roho za waliotangulia. Kigango huchongwa katika mti mgumu unaostahimili mchwa na mvua. Huwa kirefu na bapa, kina sehemu ya kichwa, na kiwiliwili chake hupambwa kwa nakshi za pembetatu. Si sanamu ya sura ya marehemu. Ni mahali anapopatikana: penye kuzungumziwa, kunyweshewa tembo la mnazi, kuvishwa vitambaa na kuombwa radhi pale jamaa wanapopatwa na maradhi au ndoto zisizoeleweka.

Mambo mawili katika desturi hii yana uzito wa kisheria, ingawa hayakuandikwa katika sheria yoyote. La kwanza ni kwamba kigango hakiondolewi pale kiliposimikwa. Familia inaweza kuhama kutafuta mashamba mapya, lakini nguzo hubaki katika boma la zamani. La pili ni kwamba kigango huachwa kichakae. Mvua, jua na mchwa hukila polepole, na kuchakaa huko ni sehemu ya safari ya marehemu kuelekea kuwa mhenga miongoni mwa wahenga. Kutokiondoa ni wajibu wa walio hai, na kutokizuia kuoza ni sehemu ya wajibu huo huo.

Kwa mtazamo huu, kigango hakina mwenyewe kwa maana ya mtu anayeweza kukiuza. Kina warithi, na warithi hao wamerithi kazi ya kukitunza, si haki ya kukitoa. Hapo ndipo desturi na sheria ya mali zinapoanza kupishana. Sheria ya mali huuliza ni nani anayekimiliki kitu, na ikishampata humruhusu kukihamisha kwa mwingine. Desturi ya gohu huuliza ni nani anayewajibika kwa marehemu, na ikishampata humkataza.

Biashara ya vigango ilishamiri kuanzia miaka ya 1970, wakati utalii ulipokua na maduka ya sanaa yalipoanza kuvinunua. Vijana wasio na ajira walivichimbua usiku na kuwauzia madalali kwa bei ndogo. Madalali waliwauzia wenye maduka, na wenye maduka wakawauzia wakusanyaji wa ng'ambo. Kutoka kwa wakusanyaji, vingi viliingia katika makumbusho ya Marekani kama zawadi. Katika kila hatua palikuwa na muuzaji na mnunuzi, na mara nyingi palikuwa na stakabadhi. Aliyekosekana ni mtu mwenye haki ya kuuza.

Ni kweli kwamba wizi ni kosa la jinai hata bila sheria ya urithi. Lakini sheria ya jinai humtazama mwizi wa kigango kama mwizi wa kiti: huuliza thamani ya mali na jina la mlalamikaji. Mzee wa Kaloleni au Ganze aliyekwenda kituo cha polisi kuripoti kupotea kwa nguzo ya kaka yake alikuwa akiripoti upotevu wa mbao. Madhara aliyoyajua yeye, yaani kuvunjika kwa amani kati ya walio hai na wafu wao, hayakuwa na safu katika kitabu cha matukio.

Kalenda ya nani?

Mwaka 1895 haukuchaguliwa na Wamijikenda. Ndio mwaka ambao Uingereza ilitangaza himaya yake ya Afrika Mashariki, eneo ambalo baadaye liliitwa koloni la Kenya. Fasili ya kitu cha kale iliyo katika Sheria ya Mambo ya Kale na Minara ya Kumbukumbu ya mwaka 1983 iliupokea mwaka huo, na sheria ya 2006 ikaurithi bila kuuhoji. Kwa hiyo sheria ya taifa huru, iliyotungwa kulinda utamaduni wa wananchi wake, inagawa vitu katika makundi mawili, kabla ya mkoloni na baada ya mkoloni, na kulipa kundi la kwanza peke yake heshima ya ukale.

Athari ya mgawo huu inaonekana ukiuweka mbele ya historia ya Wagiriama wenyewe. Mwaka 1914, baada ya Wagiriama kukataa kodi na kazi ya kulazimishwa, serikali ya kikoloni iliilipua Kaya Fungo kwa baruti. Kaya hiyo ilikuwa kitovu cha ibada na uamuzi wa jamii. Wazee walioyashuhudia hayo walifariki katika miongo iliyofuata, na vigango vyao vilisimikwa katika miongo hiyo. Kwa kipimo cha 1895 hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachohesabika kuwa cha kale. Kumbukumbu ya kizazi kilichopambana na dola ya kikoloni inawekwa nje ya ulinzi kwa tarehe iliyoletwa na dola hiyo hiyo.

Kuna tatizo la pili, nalo ni la ushahidi. Kigango hakiandikwi tarehe. Familia hukihesabu kwa vizazi na kwa rika, na hesabu hiyo ina uhakika wake: anajulikana aliyelala hapo, mtoto wa nani, na nani alimsimikia. Hata kama kigango fulani kilichongwa mwaka 1890, jamaa hawana hati ya kuuthibitisha mwaka huo mbele ya afisa wa forodha. Sheria inadai ushahidi wa aina ambayo desturi haikuwahi kuutengeneza, na inaupuuza ushahidi ambao desturi inao kwa wingi.

Sheria ya Mambo ya Kale ya Tanzania ya mwaka 1964 nayo ina miaka yake. Masalia ni vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863, na milango iliyochongwa inalindwa ikiwa ni ya kabla ya 1940. Hata hivyo, sheria hiyo ilipofanyiwa marekebisho mwaka 1979, iliingizwa ndani yake fasili ya kitu cha kiethnografia: kitu kinachohamishika kilichotengenezwa baada ya 1863 kwa ajili ya matumizi ya kijamii au ya kitamaduni, kiwe bado kinatumika au kimeachwa kutumiwa. Hapa kipimo kimebadilika. Sheria haiulizi tena kitu kina umri gani, bali kilitengenezwa kwa kazi gani. Kigango kingesimikwa upande wa pili wa mpaka, kwa fasili hii kingeonekana.

Ulinganisho huu hauna maana kwamba Tanzania imelimaliza tatizo. Maana yake ni kwamba katika eneo moja, kwa lugha moja ya kisheria iliyorithiwa kutoka Uingereza, tayari kumepatikana namna mbili za kukifasili kitu cha urithi, na namna ya pili haikuiangusha forodha wala kuifunga biashara ya wachongaji.

Msitu, mila na nafasi iliyoachwa katikati

Mtetezi wa hali iliyopo anaweza kusema kwamba Wamijikenda wamelindwa vya kutosha kwa njia nyingine. Kuanzia miaka ya 1990, misitu mingi ya kaya ilitangazwa kuwa minara ya kumbukumbu ya taifa. Mwaka 2008 Misitu Mitakatifu ya Kaya za Mijikenda iliingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Mwaka 2009 mila na desturi zinazohusiana na kaya hizo ziliingizwa katika orodha ya urithi usioshikika unaohitaji kuhifadhiwa kwa haraka.

Hatua hizi ni muhimu, lakini zinalionyesha pengo badala ya kuliziba. Tangazo la kwanza na la pili linalinda mahali. La tatu linatambua mila. Kigango si msitu, kwa kuwa kwa kawaida husimikwa bomani na si ndani ya kaya. Wala si mila tupu, kwa kuwa ni mbao inayoweza kubebwa begani na kutiwa garini. Kiko katikati, penye kukutana kitu kinachoshikika na wajibu usioshikika. Sheria zimegawana kazi kiasi kwamba moja inachukua kinachoshikika na nyingine kisichoshikika, na kitu ambacho ni vyote viwili hakina wa kukishika.

Kenya ina nyenzo nyingine mbili zinazokaribia pengo hilo. Katiba ya 2010, katika ibara ya 11, inautambua utamaduni kuwa msingi wa taifa na inaliagiza Bunge kutunga sheria ili jamii zilipwe fidia au mrabaha kwa matumizi ya tamaduni zao na urithi wao. Kutokana na agizo hilo ilitungwa Sheria ya Kulinda Maarifa ya Jadi na Maonyesho ya Utamaduni ya mwaka 2016. Sheria hii inaitambua jamii kuwa mwenye haki, inadai idhini ya jamii kabla ya matumizi, na inazipa serikali za kaunti kazi ya kuweka rejista. Nakshi na michongo imo katika wigo wake.

Lakini roho ya sheria ya 2016 ni ya hakimiliki. Inashughulika na mtu anayenakili nakshi ya kigango kwenye kitambaa au kikombe na kuuza. Inajua kumkamata mwenye kuiga. Haikukusudiwa kumkamata mwenye kung'oa. Matokeo yake ni ya ajabu kidogo: sura ya kigango ina mwenyewe anayetambulika kisheria, yaani jamii, ilhali kigango chenyewe, chini ya sheria ya 2006, hakina.

Hati, picha na daftari

Waswahili husema mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii inaweza kuwa muhtasari wa utaratibu wote wa kimataifa wa kurejesha vitu vya urithi, na visa viwili vinaonyesha nguvu yake na mpaka wake.

Kisa cha kwanza ni cha kinyago cha Wamakonde kilichoibwa katika Makumbusho ya Taifa jijini Dar es Salaam mwaka 1984. Mwaka uliofuata kilinunuliwa na jumba la makumbusho la Barbier-Mueller la Geneva. Mwaka 1990 kilitambuliwa huko, na Tanzania ikakidai. Hoja ya Tanzania ilikuwa na kila kitu kinachotakiwa: jengo la serikali lililovunjwa, kumbukumbu za makumbusho, na nchi iliyokuwa imeridhia Mkataba wa UNESCO wa 1970 tangu 1977. Pamoja na hayo, kinyago kilirudi mwaka 2010, miaka 20 baada ya kutambuliwa, kwa makubaliano yaliyofikiwa kwa usaidizi wa Baraza la Kimataifa la Makumbusho. Katika makubaliano hayo urejeshaji uliitwa mchango. Mahakama haikuamua lolote.

Kisa cha pili ni cha vigango viwili vilivyoibwa katika boma moja la Wagiriama. Boma halikuwa na daftari. Kilichopatikana kwa bahati ni picha: mwaka 1985 mwanaanthropolojia Monica Udvardy alikuwa amempiga picha mzee wa boma hilo akiwa mbele ya nguzo za kaka zake. Miaka mingi baadaye vigango hivyo viligunduliwa nchini Marekani, kimoja katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Illinois na kingine katika makumbusho ya Chuo Kikuu cha Hampton. Kwa uthibitisho wa picha ile, cha kwanza kilirejeshwa mwaka 2006 na cha pili mwaka 2007.

Visa hivi vikisomwa pamoja, somo lao haliko katika ushindi wa urejeshaji. Kinyago kilisikika kwa sababu kilikuwa kimeshatolewa katika ngoma yake na kuingizwa katika daftari la makumbusho. Vigango vilisikika kwa sababu mgeni alipita na kamera. Katika visa vyote viwili, ushahidi uliokubalika ulitoka nje ya uhusiano wa kitu na watu wake. Mzee alijua nguzo zile ni za nani kabla picha haijapigwa, lakini ujuzi wake peke yake haungevuka bahari.

Vigango visivyo na picha vinaonyesha mpaka huo kwa uwazi zaidi. Mwaka 2014 Makumbusho ya Denver ya Mazingira na Sayansi yalitangaza kurejesha vigango 30 nchini Kenya. Hakuna sheria ya Marekani iliyoyalazimisha. Sheria ya nchi hiyo ya 1990 kuhusu makaburi na vitu vya wenyeji inawahusu wenyeji wa Marekani peke yao. Uamuzi ulikuwa wa kimaadili. Vigango viliwasili Kenya mwaka 2019, na swali likawa: virudi kwa nani? Bila kujua kila kimoja kilitoka boma gani, taasisi ya taifa ndiyo iliyobaki kuwa mpokeaji. Kitu kilichotengenezwa ili kisiondolewe bomani kilirudi nchini na kukosa boma, na kitu kilichotengenezwa ili kioze kiliangukia mikononi mwa taasisi ambayo kazi yake kisheria ni kuzuia vitu visioze.

Pingamizi tatu

Hoja ya makala haya inaweza kupingwa kwa njia tatu ambazo hazistahili kupuuzwa.

Pingamizi la kwanza ni la uhakika wa sheria. Afisa wa forodha katika uwanja wa ndege ana dakika chache. Mwaka ni kipimo anachoweza kukitumia. Matumizi ya kitamaduni ni jambo la mjadala. Fasili pana inaweza pia kuwaumiza wachongaji wanaotengeneza vigango vya kuuzia watalii, ambao leo hawahitaji kibali. Pingamizi hili lina uzito, lakini linadhani kwamba mwaka ni rahisi kuthibitisha. Mbao isiyo na tarehe inamhitaji mtaalamu kwa kipimo chochote kile. Kipimo cha matumizi kina dalili zinazoonekana kwa macho: sehemu ya chini iliyokaa udongoni, mchubuko wa mvua, mashimo ya mchwa, mabaki ya vitambaa. Kigango cha dukani hakina hayo. Fasili iliyoandikwa vizuri ingemlinda mchongaji kuliko ukimya wa sasa, kwa kuwa ingetenganisha kazi yake na mali ya wizi.

Pingamizi la pili linasema kwamba jamii yenyewe imebadilika. Wamijikenda wengi ni Waislamu au Wakristo, na baadhi yao wanaona vigango kuwa mabaki ya ibada waliyoiacha. Baadhi ya wezi walikuwa wajukuu wa marehemu. Je, sheria iwalazimishe watu kuheshimu wasichokiamini? Haipaswi. Lakini kuacha kuamini si sawa na kupata haki ya kuuza. Mtu anaweza kuuhama msikiti au kanisa bila kujipatia mamlaka ya kupiga mnada makaburi yake. Sheria inayohitajika haimwambii mjukuu atambikie. Inamwambia dalali kwamba mjukuu mmoja hawezi kuuza cha ukoo.

Pingamizi la tatu ni la wahifadhi: kwamba kuruhusu vigango vioze ni kuvipoteza, na kizazi kijacho kitakosa cha kujifunza. Hapa mfano wa Uganda una msaada. Makaburi ya Kasubi, walipozikwa Makabaka wanne wa Buganda, yaliingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001. Jengo kuu, Muzibu Azaala Mpanga, liliteketea kwa moto mwezi Machi 2010, na eneo likawekwa katika orodha ya urithi ulio hatarini hadi lilipoondolewa mwaka 2023. Ujenzi upya haukuwa kazi ya makandarasi peke yao. Uezekaji ni haki na wajibu wa ukoo wa Ngeye, na nyasi mpya zikiezekwa kwa utaratibu wao jengo linabaki lile lile. Uhalisi wake haukuwa katika nyasi zilizoungua, ulikuwa katika watu wenye wajibu wa kuezeka.

Jambo hili liliwezekana kwa sababu mtunzaji alikuwa anatambulika. Sheria ya Uganda ya mwaka 1993 ya kuwarejeshea viongozi wa jadi mali zao ilikuwa imeurudishia ufalme wa Buganda mali zake, Kasubi ikiwemo. Kwa hiyo dola ilikuwa na mtu wa kuzungumza naye. Wamijikenda hawana mfalme, na si lazima wamtafute. Wana wazee wa kaya, koo na mabaraza. Ni kazi ya sheria kuwataja, kama ilivyoutaja mlango. Kinachoweza kuhifadhiwa cha gohu ni ujuzi wa kuchonga, kusimika na kuwajibika. Ujuzi huo ukiwa hai, nguzo inayooza itafuatwa na nyingine. Ukifa, nguzo zilizomo makumbushoni zitakuwa mifano ya ufundi usio na fundi.

Lugha ya sheria na nafasi ya Kiswahili

Uhakiki wa fasili ni kazi ya lugha, na wakati wake umefika. Nchini Tanzania, marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 yameifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria, na sheria zilizoandikwa kwa Kiingereza zinahitaji kuandikwa upya. Nchini Kenya, Kiswahili ni lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi mbili kwa mujibu wa ibara ya 7 ya Katiba. Kila sheria ya urithi itakayoletwa katika Kiswahili italazimika kuamua jina la kuviita vitu hivi.

Tayari kuna istilahi zinazoshindana. "Mambo ya kale" na "malikale" zote zinakiweka kitu katika wakati uliopita, na ya pili inakiweka pia katika hesabu ya mali. Zikichukuliwa bila kufikiri, zitaendeleza kwa Kiswahili kosa lililofanywa kwa Kiingereza. "Urithi" lina uwezo zaidi, kwa kuwa linambeba mrithi ndani yake, lakini katika matumizi ya mahakama mirathi hugawanywa na mrithi huuza fungu lake. Liko neno jingine ambalo sheria za urithi hazijalitumia vya kutosha, nalo ni "amana". Amana ni kitu kilicho mikononi mwa mtu pasipo kuwa chake. Anaweza kudaiwa akikipoteza, hawezi kukiuza, na anapokifikisha kwa mwenyewe amemaliza wajibu wake. Dhana hii inaeleweka na mzee wa Kigiriama, kadhi wa Mombasa na wakili wa Arusha bila kuhitaji tanbihi.

Fasili inayojengwa juu ya amana ingeweza kuwa na nguzo tatu. Kwanza, kitu cha amana ya jamii ni kile kilichotengenezwa kwa ajili ya ibada, ukumbusho au shughuli nyingine ya kijamii ambayo kwa desturi hairuhusu kiuzwe, bila kujali mwaka. Pili, watunzaji wa amana ni watu wanaotambuliwa na jamii husika kwa desturi yake. Wao ndio wenye haki ya kufungua shauri, na ushahidi wao wa mdomo kuhusu vizazi na mahali ni ushahidi unaopokelewa. Tatu, utunzaji ni ule unaokubaliana na kazi ya kitu, hata ikiwa kazi hiyo inadai kiachwe kichakae. Nguzo ya kwanza tayari ina mfano katika marekebisho ya Tanzania ya 1979. Ya pili ina mifano katika sheria ya Kenya ya 2016 na ya Uganda ya 1993. Ya tatu pekee ndiyo isiyo na mfano wa kisheria katika sheria zilizochunguzwa hapa, ingawa Kasubi imeonyesha kwa vitendo kwamba inawezekana.

Hitimisho

Hatua ya kwanza haihitaji sheria mpya. Waziri mwenye dhamana ya urithi nchini Kenya anayo, chini ya sheria iliyopo, mamlaka ya kutangaza aina nzima ya vitu kuwa vinalindwa. Tangazo moja katika Gazeti Rasmi linaweza kuviweka vigango vyote mahali ambapo mlango wa Lamu umekaa kwa miaka mingi. Halitarudisha vilivyoondoka, lakini litaondoa kisingizio cha mnunuzi kwamba hakuna sheria iliyovunjwa, na litampa mzee anayeripoti wizi jina la kosa.

Hatua ya pili ni ya Bunge: kuufuta mwaka 1895 katika fasili ya kitu kinachohamishika, au angalau kuuwekea kando yake fasili inayotokana na matumizi. Hatua ya tatu ni ya mataifa ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kwa pamoja, kwa sababu kitu kisichoonekana na sheria ya nchi moja hupitishwa katika mpaka wa nyingine. Fasili moja ya Kiswahili inayoeleweka Kilifi, Mtwara na Kampala ingekuwa kizuizi kwa madalali wanaonufaika na tofauti za sheria.

Kwa sasa, vigango vilivyorejeshwa na visivyojulikana vilikotoka vinasubiri uamuzi ambao sheria haijui kuufanya. Wanaoweza kusema kila nguzo ni ya nani ni wazee, na idadi yao inapungua. Kila mwaka fasili inapoachwa ilivyo, ushahidi ambao sheria imekataa kuupokea unazikwa pamoja na mashahidi wake.